Lupasi, sonona na vidonge: kipi hasa kinamchosha mgonjwa?

Kila inapofika Mei 10, Siku ya Lupasi Duniani, picha za watu waliovaa zambarau husambaa kwenye simu zetu, na maswali yaleyale hurudi: je, huu ni UKIMWI wa namna nyingine, je, unaambukiza, na mbona yule dada aliyekuwa mwembamba sasa mashavu yamemjaa, halafu tunaambiwa anaumwa? Swali zito kuliko hayo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mgonjwa mwenyewe au na mama anayemuuguza. Hali hii ya kulia ovyo, kukosa usingizi na kutotaka kuonana na watu imeletwa na ugonjwa, imeletwa na dawa, au ni yeye tu amekata tamaa? Swali hilo lina jibu, ila jibu lenyewe lina mafundo, na inafaa tuyafungue moja baada ya jingine.

Tuanze na lupasi. Jina limetokana na neno la Kilatini lupus, yaani mbwa mwitu, kwa kuwa matabibu wa Ulaya ya zama za kati waliviona vidonda vya usoni vya baadhi ya wagonjwa kana kwamba vimeng'atwa na mnyama huyo. Siku hizi jina hilo hutumika kwa ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu vinavyotoka nje, huugeukia mwili wenyewe. Anayewakumbuka sungusungu wa mtaani atalielewa jambo hili upesi: walinzi waliowekwa kuwasaka wezi usiku, siku wakishindwa kuzitambua sura za majirani, huanza kuvunja milango ya watu walewale waliochanga fedha za tochi na filimbi zao. Katika lupasi walinzi hao hawajapungua wala hawajalala. Wamezidi ukali na wamekosea mlango. Wanaweza kuvunja mlango wa ngozi, wa viungo, wa figo, wa utando unaofunika mapafu na moyo, wa damu, na hata wa ubongo, na ndiyo maana wagonjwa wawili wa lupasi wanaweza wasifanane hata kidogo.

Mfano huo unatosha kuuzima uvumi wa UKIMWI. VVU huwaua walinzi, ilhali lupasi huwapotosha. Lupasi haiambukizi kwa kugusana, kwa kujamiiana wala kwa kunywea kikombe kimoja. Kwa sababu hiyohiyo, zile chupa za kuongeza kinga zinazonadiwa kwenye mabasi si msaada kwa mgonjwa huyu, kwani hata kama zingekuwa na uwezo unaotangazwa, kumwongezea kinga mtu mwenye lupasi ni sawa na kuwagawia mapanga walinzi ambao tayari wako kwenye mlango usio wao.

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa kati ya miaka 15 na 44. Tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi, tena kwa ukali zaidi, kuliko wenye asili ya Ulaya. Dalili za kawaida ni uchovu usioisha kwa kulala, maumivu na uvimbe wa viungo, homa isiyo na malaria, nywele kunyonyoka, vidonda mdomoni, kifua kuuma mtu anapovuta pumzi ndefu, na vipele vinavyokuja baada ya kupigwa na jua. Vitabu vingi huutaja wekundu wenye umbo la kipepeo juu ya pua na mashavu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kahawia, na asiyetazama kwa makini atasema ni mkorogo umemharibu uso.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Kipimo cha damu kinachojulikana kwa herufi ANA huwa chanya kwa karibu kila mwenye lupasi, lakini huwa chanya pia kwa watu wazima wa afya, hivyo daktari hulazimika kuunganisha damu, mkojo, historia na kile anachokiona. Mkanganyiko mmoja umeharibu nyumba za watu, nao haufahamiki vya kutosha: lupasi inaweza kukifanya kipimo cha kaswende cha aina ya VDRL au RPR kitoe majibu chanya kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kaswende. Mama mjamzito hupewa majibu hayo kliniki, mume huitwa, na ugomvi huanzia mlangoni, wakati ambapo kipimo cha pili, kinachotafuta kingamwili za kaswende yenyewe, kingeumaliza ubishi huo siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye sonona, neno ambalo wengi wetu hatulitumii. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema msongo wa mawazo kwa kila kitu: ada ya shule, foleni, ndoa, Simba kufungwa na Yanga. Msongo ni mzigo, na mzigo ukishushwa bega hupumzika. Sonona ni ugonjwa: huzuni, au kukosa hamu ya mambo yote, kunakodumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, kukiambatana na mambo kama usingizi kuvurugika, chakula kukosa ladha au kulika kupita kiasi, uchovu, akili kutotulia, kujiona mwenye hatia, na mawazo ya kufa. Yeyote anayemfahamu mgonjwa wa lupasi ataona tatizo papo hapo. Uchovu, usingizi, hamu ya chakula na umakini ni vitu ambavyo lupasi huviharibu yenyewe, na dawa zake pia huviharibu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na dalili nusu ya zile za sonona bila kuwa nayo, au akawa nayo kwa mwaka mzima huku kila mtu akisema ni lupasi tu.

Njia iliyo rahisi ya kuanza kutofautisha ni kuuliza habari za hamu. Mwenye lupasi isiyo na sonona hutamani kwenda kwenye harusi ya binamu yake, hata ameshona gauni, lakini asubuhi ya siku yenyewe magoti yamegoma, naye anabaki nyumbani akisikitika na kuomba atumiwe video. Mwenye sonona anaweza kuamka viungo vikiwa shwari, gauni likiwa limetundikwa ukutani, na asione sababu ya kulivaa. Tofauti hiyo si kipimo cha hospitali, ila inamfikisha mtu hospitalini akiwa na maneno ya kusema.

Mgonjwa wa lupasi hufika kwenye sonona kwa njia zaidi ya moja. Ugonjwa wenyewe unaweza kuugusa ubongo, na mwaka 1999 chama cha madaktari wa rumatolojia (magonjwa ya viungo na ya kinga kama lupasi) cha Marekani kiliorodhesha hali 19 za ubongo, mishipa ya fahamu na akili zinazoweza kuletwa na lupasi, matatizo ya hisia yakiwa miongoni mwao. Dawa nazo zinaweza kumbadilisha mtu. Halafu kuna maisha yenyewe: nywele zilizobaki kwenye kitana, kazi iliyopotea kwa ruhusa za kila mwezi, mchumba ambaye mama yake ameanza kuuliza kama huyu atazaa. Njia hizo hazigombani, na mtu anaweza kupita zote kwa wakati mmoja. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 wenye lupasi ana sonona kali, kiwango ambacho kwa maoni yangu kingetosha kuifanya sonona iulizwe katika kila kliniki ya lupasi kama vile presha inavyopimwa.

Mwimbaji wa Marekani Selena Gomez ni mfano unaojulikana. Alitangaza mwaka 2015 kwamba ana lupasi, mwaka 2016 akasimamisha kazi akieleza kuwa wasiwasi, hofu ya ghafla na sonona vinaweza kuandamana na ugonjwa huo, mwaka 2017 akafichua kwamba amepandikizwa figo, na mwaka 2020 akasema ana ugonjwa wa akili wa baipola, ambao humpandisha mtu kwenye uchangamfu uliopitiliza na kumshusha kwenye huzuni nzito. Angeishia kwenye maelezo ya 2016 kwamba yote ni lupasi, hilo la mwisho lingebaki limefichika nyuma ya lile la kwanza.

Dawa ndizo zenye fundo kubwa zaidi. Kiswahili cha kliniki kina maneno mawili yanayotusaidia hapa, maudhi na madhara, ingawa watu huyachanganya. Nitayatumia hivi: maudhi ni usumbufu unaovumilika na mara nyingi hupungua, kama kichefuchefu cha wiki za mwanzo, na madhara ni kitu kinachoumiza mwili au akili na kinachotaka hatua. Kuyaita yote madhara kumewafanya wengi waache dawa ambayo ingewaokoa, na kuyaita yote maudhi kumewafanya wengine wavumilie kisichopaswa kuvumiliwa.

Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini iliyokuwa dawa kuu ya malaria Tanzania hadi ilipoondolewa kwenye nafasi hiyo mwaka 2001. Wazee wanaukumbuka muwasho wake, na hii ya sasa pia inaweza kuwasha. Mgonjwa akirudi nyumbani na pakiti hiyo huambiwa kwamba daktari amekosea, kwani yeye hana malaria. Daktari hakukosea: dawa hii hutuliza kinga iliyopotoka, hupunguza idadi ya mara ambazo ugonjwa hulipuka, na kwa kawaida huendelea kutumika hata wakati wa ujauzito. Huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kuonyesha kazi yake, jambo linalowafanya wengi waiache kabla haijaanza. Dhara linaloogopwa ni la macho, nalo ni adimu dozi isipozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ndiyo maana macho hupimwa mwanzoni na kisha kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, au mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu.

Predinisoloni ni habari nyingine. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walimpa mwanamke mwenye baridi yabisi kali homoni ya kotisoni, na ndani ya siku chache mtu aliyekuwa hawezi kutembea akasimama; mwaka 1950 Hench alishiriki Tuzo ya Nobel. Predinisoloni ni ya ukoo huo, na hakuna dawa inayowazima walinzi waliopotoka kwa haraka kama hiyo. Bei yake hulipwa na mwili mzima: uso kuviringa, njaa isiyoshiba, sukari na presha kupanda, mifupa kudhoofu, mtoto wa jicho, na akili. Wengine huchangamka kupita kiasi, huongea usiku kucha na kupanga biashara tatu kabla ya adhuhuri, wengine hulia, wachache huona au kusikia visivyokuwepo. Dozi ina uzito hapa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1972 kwa wagonjwa waliolazwa ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya waliopewa miligramu 40 au chini kwa siku, na kwa asilimia 18.4 ya waliopewa zaidi ya 80. Mara nyingi mabadiliko hayo huanza ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya dawa kuanzishwa au dozi kupandishwa, na hupungua dozi inaposhushwa.

Kwa nini basi mtu asiiache siku hiyohiyo? Juu ya kila figo kuna tezi inayotengeneza homoni kama hiyo kila siku, kwa kiasi kinachokaribiana na miligramu 5 za predinisoloni. Ukinywa vidonge kwa wiki nyingi, tezi hizo hufanya kama jiko la nyumba ambayo chakula huletwa kutoka hotelini kila siku: mkaa huisha, majivu hupoa, na hakuna anayekumbuka kununua kiberiti. Hoteli ikifungwa ghafla, nyumba nzima italala njaa, na katika mwili njaa hiyo ni udhaifu mkubwa, kutapika, presha kuanguka, na pengine kifo. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua ili jiko liwashwe upya. Mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2023 yanataka dozi ya kudumu isizidi miligramu 5 kwa siku, na ikiwezekana dawa iachwe kabisa, lakini njia ya kufika huko ni ngazi na si dirisha.

Zipo pia azathioprini, maikofenoleti na saiklofosfamaidi, ambazo hupunguza nguvu za kinga na kwa hiyo humfungulia mtu mlango wa maambukizi. Maikofenoleti huharibu mimba changa, na saiklofosfamaidi inaweza kuathiri uzazi. Mwanamke anapaswa kuelezwa hayo kabla ya kidonge cha kwanza, si baada ya kushika mimba.

Tuone sasa jinsi dawa zinavyozaana. Tumchukue mgonjwa wa kubuni, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 31, ambaye lupasi imemgusa figo. Anamimina kopo lake la dawa juu ya mkeka: predinisoloni, haidroksiklorokwini, maikofenoleti, amlodipini, metformini, frusemidi, amitriptilini, na karatasi ya diklofenaki aliyoinunua dukani mwenyewe. Fuata mnyororo. Predinisoloni ilipandisha sukari, akapewa metformini, ikamharisha. Ilipandisha presha, akapewa amlodipini, na hiyo ina tabia ya kuvimbisha miguu. Miguu ilipovimba kila mtu aliogopa figo, akaongezewa frusemidi ya kukojoa maji. Anainywa jioni kwa sababu mchana yuko darasani, basi anaamka mara nne usiku, na kwa kuwa predinisoloni nayo anainywa jioni, usingizi ukikatika haurudi. Alipolalamika kwamba halali alipewa amitriptilini, na sasa saa tatu asubuhi anasimama mbele ya watoto 70 akiwa mzito kama aliyelewa, mdomo umekauka, akijiambia kwamba hafai tena kuwa mwalimu. Goti likiuma anameza diklofenaki, ambayo hupandisha presha na kuziumiza figo zilezile zinazoshambuliwa. Katika kopo zima ni dawa tatu tu zinazotibu lupasi yake. Nyingi ya zile nyingine zinatibu kazi ya dawa zenzake.

Hakuna daktari mmoja aliyefanya kosa kubwa. Kila mmoja alijibu dalili iliyokuwa mbele yake, katika dakika chache alizokuwa nazo, bila kuliona kopo lote.

Kitu kinachoweza kuufungua mnyororo huo ni daftari la shilingi mia tano. Mgonjwa anaandika tarehe, dawa iliyoanzishwa, kuongezwa au kupunguzwa, saa anayoinywa, na hali mpya aliyoiona. Dalili iliyoanza siku chache baada ya dozi kupanda inaelekeza kidole kwenye dawa. Dalili inayokuja pamoja na viungo kuvimba, vipele, homa au mkojo wenye povu inaelekeza kwenye lupasi iliyoamka. Huzuni inayodumu dozi ikiwa juu au chini, viungo vikiwa vibaya au vizuri, huku hamu imekufa, inaelekeza kwenye sonona inayotaka tiba yake yenyewe. Hizi si hukumu, kwani vipimo vya damu na mkojo ndivyo vinavyoamua mengi, ila daktari anayepewa kurasa mbili zenye tarehe hufanya kazi tofauti na anayeambiwa tu kwamba mwili wote unauma.

Sonona ikithibitika, hutibiwa hata kama lupasi haijatulia. Dawa kama fluoksetini haziwalevyi watu wala haziwafanyi mateja, japo haziachwi ghafla. Huanza kusaidia baada ya wiki 2 hadi 6, na mgonjwa aiambie kliniki kama anatumia diklofenaki au dawa za jamii yake, kwa kuwa zikikutana huongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu. Mazungumzo ya tiba nayo hayahitaji kochi la ngozi. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua jambo moja baada ya jingine, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba dalili za waliokaa kwenye benchi hilo zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida.

Wapo watakaosema ni mapepo, hasa mgonjwa akianza kuongea peke yake au akipatwa na degedege. Sina ugomvi na dua wala maombi. Ugomvi wangu ni na yeyote anayemwamuru mgonjwa aweke vidonge chini kwanza, kwa sababu ya lile jiko lililopoa. Degedege, kuchanganyikiwa, kupooza upande mmoja, kuona visivyokuwepo, au homa kwa mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga, ni mambo ya kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayesema anataka kufa: asiachwe peke yake, na kopo lake la dawa likae kwa mtu mwingine, kwa maana baadhi ya vidonge vilivyotajwa hapa, haidroksiklorokwini na amitriptilini zikiwemo, ni sumu kali vikimezwa vingi.

Mwalimu wetu alipoweka kopo na daftari mezani, mkojo ulipimwa, na protini, ambayo huvujia kwenye mkojo figo zikishambuliwa, ikaonekana imepungua tangu mwezi uliopita, kwa hiyo miguu haikuvimbishwa na figo. Amlodipini ilibadilishwa kwa losatani, ambayo huzilinda figo, baada ya kuthibitisha kwamba si mjamzito na kwamba anatumia uzazi wa mpango. Frusemidi ikaondolewa, diklofenaki ikabaki kliniki, predinisoloni ikahamishiwa asubuhi baada ya chai na kupangiwa ratiba ya kushuka, amitriptilini ikasimamishwa. Kisha daktari akamuuliza kama bado anapenda kuimba kwaya, mwalimu akakaa kimya muda mrefu, na jibu lake likawafanya waandike miadi ya kliniki ya afya ya akili. Haidroksiklorokwini haikuguswa.